Sura Tatu kwa Karatasi Saba

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwakataza watu kucheka.

Nilikuwa mpiga picha pale Tunduma, enzi za Mwingereza, kwenye kibanda changu hatua chache kutoka kizuizi cha mpakani. Wateja wangu karibu wote walikuwa vijana waliokuwa wakienda kuchimba shaba ng'ambo. Karani aliyewaandikisha alitaka picha ya kila mmoja: macho mbele, kibao chenye namba kifuani, mdomo umefungwa. Akiona jino tu, picha anairudisha. Basi kutwa nzima nilikuwa nasema maneno yale yale, tulia, usicheke, tulia, usicheke, mpaka mke wangu akawa ananitania kwamba hata nikimlisha mtoto uji namwambia tulia, usicheke.

Kamera yangu ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Mbele lenzi, nyuma mfuko wa kitambaa cheusi ninamoingiza mkono, na ndani yake visahani viwili vya dawa. Dawa ya kwanza huileta picha. Dawa ya pili huikaza, isiondoke tena. Picha inayotoka kwanza huwa kinyume, mtu mweusi anakuwa mweupe kama kapakwa unga, na wazee waliochungulia walikuwa wakiondoka bila kuaga. Hiyo ya kinyume naiweka mbele ya lenzi, naipiga tena kwenye karatasi nyingine, ndipo mtu anarudi kuwa mtu. Kwa hiyo picha moja hula karatasi mbili. Ukilielewa hilo umeelewa masaibu yetu yote ya siku ile.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, masika yamekolea. Alikuja kijana mmoja wa miaka ishirini na kitu, miguu tope mpaka magotini, amevaa koti zuri jeusi lililompwaya mabegani. Nilimtambua kabla hajasema jina. Alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa kule Mbozi, upande wa kwao mke wangu, na kazi yake ilikuwa kumsaidia mwalimu darasani. Lakini hakuna aliyemjua kwa ualimu. Watu walimjua kwa mchezo wa Krismasi.

Niliuona mimi mwenyewe, mwaka mmoja tulipokwenda kula sikukuu kwa wakwe. Kijana yule alicheza mfalme mwovu anayeagiza watoto wauawe. Hakuwa na upanga, alikuwa na mwiko wa ugali. Alipougeuza uso wake kutazama upande wa akina mama waliobeba watoto, wote wakawakumbatia wachanga wao, na bibi mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti kwamba huyu ashikwe. Mchezo ulipoisha bibi yule alikataa kupokea salamu yake. Kijana alirudi nyumbani kwao anacheka njia nzima, kwa raha aliyokuwa nayo. Mimi nilimwonea wivu, nasema ukweli. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi yoyote ikamfanya bibi wa watu akatae salamu.

Sasa alikuwa mbele yangu na barua. Ilitoka kwa mkuu wa kundi moja lililozunguka kambi za migodini likicheza michezo jukwaani jioni, watu wakitoka kazini. Mkuu huyo alikuwa mtu wa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alikuwa amesikia habari za kijana kutoka kwa wachimbaji wa Mbozi. Barua ilikuwa fupi: kundi letu husimama mbele ya watu, tuna nafasi ya mtu mmoja, tutumie sura tatu, ya furaha, ya hasira na ya huzuni, umkabidhi dereva wa basi Jumamosi pale Tunduma, zikichelewa tutamchukua mwingine.

"Jumamosi ni kesho," nikamwambia.

"Najua, kaka. Nimetembea juzi na jana."

"Na usipopata?"

Alikunja mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko, akaukunjua. "Nisipopata, nitarudi kufuta ubao mpaka nife. Mimi sijui kufanya kitu kingine duniani, kaka. Nikikaa bila kile kitu naona kama napumua kwa pua moja."

Hayo aliyasema taratibu, bila kuigiza. Lakini mimi nilijua kilichokuwamo kwenye kasha langu. Daraja upande wa Mbeya lilikuwa limechukuliwa na maji, mzigo wangu umekwama huko, na kasha lilikuwa na karatasi saba. Sura tatu ni karatasi sita. Tulikuwa na nafasi ya kukosea mara moja.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia. Dawa yangu ya pili ilikuwa imechoka. Tangu Jumatano nilikuwa nimepitisha humo nyuso za wachimbaji arobaini na zaidi, imegeuka rangi ya mkojo wa ng'ombe. Picha ikipita kwenye dawa iliyochoka hutoka nzuri tu, huwezi kuijua. Lakini ikikaa kwenye mwanga siku chache, huanza kuiva, inakuwa kahawia, halafu nyeusi, na mtu anamezwa humo humo. Ningemwambia. Ningemwambia, angesema tusubiri dawa mpya, na tukisubiri basi linapita. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa na kiburi. Watu wa mpakani walikuwa wakisema hakuna picha ya kwangu iliyowahi kuharibika, na nililipenda neno hilo kuliko nilivyompenda yeye.

Nikamketisha kwenye kigoda. Nikamweleza kwamba akishatengeneza uso asitikisike, mimi nitafungua lenzi na kuhesabu mpaka nne. Akasema sawa. Akainamisha kichwa, akakiinua, na hapo nikaona furaha imekaa usoni mwake kama mtu aliyepewa mtoto wa kwanza. Nikavuta kifuniko cha lenzi, nikahesabu moja, na mdomo wangu, mdomo huu mpumbavu, ukasema kwa mazoea yake: "Tulia, usicheke."

Akafunga mdomo, kwa utii tu.

Karatasi ya kwanza ikatoka na mtu mwenye vichwa viwili vya ukungu, kimoja kinacheka, kingine kimenuna. Niliitupa kwenye tope nikaikanyaga. Nilitukana, na sikumtukana yeye. Yeye akaniangalia, akaelewa kilichotokea, na mabega yakaanza kumtikisika. "Kaka, unamkataza kucheka mtu uliyemwambia acheke," akasema, na kicheko kikamjaa mwili mzima.

"Kishike hicho hicho," nikamwambia. "Kishike, usikiachie."

Akakishika. Sijui alifanyaje. Mwili ulitulia kama jiwe na kicheko kikabaki machoni na kwenye meno, hesabu zote nne. Karatasi ya pili ikapata furaha.

Ya hasira haikutusumbua. Alitazama upande wa kizuizi, taya likakaza, na mimi niliyekuwa nahesabu nikajikuta narudi nyuma nusu hatua. Nilipofunika lenzi ndipo nikamwona mzee amesimama kando ya kibanda, kofia mkononi, ametulia kwa adabu kama mtu anayengoja sala iishe. Chini ya kwapa alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa baba yake.

"Shikamoo, baba," kijana akasema, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Marahaba. Umelisahau daftari lako, mwanangu." Mzee akafungua kitambaa. "Nimelikuta mezani nikasema, atampa nini dereva? Nimelala Vwawa kwa ajili ya mvua. Unamkasirikia nani hapo?"

Laiti ningekaa kimya. Lakini nilikuwa na haraka, wingu lilikuwa linashuka na mwanga unaondoka, na nikamjibu mzee wa watu kama ninavyowajibu wachimbaji kwenye foleni. "Mzee wangu, naomba usimchanganye. Hiyo ni sura ya pili, ya hasira. Ya furaha tumeshaipiga. Imebaki ya huzuni tu."

"Sura?" Mzee akanitazama, akamtazama mwanawe. "Sura zimo humu."

Akalifungua daftari. Kurasa zilikuwa zimejaa mwandiko mzuri wa wino, mistari imenyooka, namba za aya zimewekwa pembeni moja moja. Hapo nikaelewa, na nikatamani ardhi ipasuke. Kule kwao uso waliuita uso. Neno sura walilijua kutoka kanisani tu, sura ya kwanza, sura ya pili, mlango wa Maandiko. Mzee alikuwa ameisoma barua akaona wainjilisti wanaosimama mbele ya watu, wanamwomba mwanawe sura tatu za Maandiko, moja ya furaha, moja ya hasira ya Mungu, moja ya maombolezo. Alizichagua yeye. Wiki mbili alikaa na mwanawe mezani akimsimamia anakili, akikosea herufi anaanza ukurasa upya. Halafu akavua koti lake la kanisani, la pekee, akamvika.

"Ulijua maana yake?" mzee akamuuliza.

Kijana hakuinua macho. "Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile uliyoisoma."

Nilitegemea atafoka. Ningependa afoke. Mzee alilifunga daftari, akalizungushia kitambaa, akafunga fundo na kulihakikisha. "Ungeniambia ni mchezo ningekataa," akasema. "Ningekataa, na kesho yake pengine ningekubali. Hukunipa hata hiyo kesho. Vua koti langu."

Kijana akavua koti. Mzee akalikung'uta tope la pindo, akaliweka begani, akavaa kofia, akaondoka kuelekea barabara ya Vwawa bila kugeuka. Kijana alibaki na shati lililochanika kwapani, mikono inaning'inia. Halafu uso wake ukaachia. Nimewaona watu wengi wakilia, ile haikuwa kulia kwa kawaida. Machozi yalishuka na yeye mwenyewe hakuwapo, ameondoka na lile koti.

Nami nikafanya nini? Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa kamera, nikaweka karatasi. "Usisogee," nikamwambia. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Hakusogea. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitii mimi au alikuwa amepoteza nguvu. Niliiona ile ya kinyume inakuja kwenye dawa nikajua kwamba sijawahi kupiga picha kama hiyo wala sitapiga. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwa kazi yangu wakati mtoto wa watu amekaa kwenye kigoda anajifuta pua kwa mkono.

Zilibaki karatasi tatu, zikatosha. Nikazipiga zote kwa mara ya pili, nikaziacha kwenye ile dawa iliyochoka muda mrefu kuliko kawaida, nikijipa moyo kwamba muda utafidia. Nikaziosha ndooni. Kijana alizishika kwa ncha za vidole. "Huyu ndiye mimi?" akauliza. Akaitazama ya huzuni, akainama nayo, akasema polepole, "Watanichukua. Kaka, kwa hii watanichukua, halafu nitarudi kwa baba nimwombe msamaha akiwa ameshasikia jina langu."

Nikazinyakua nikazitia kwenye bahasha. "Usizifungue tena," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Vumbi."

Mvua ilikuwa inanyesha, tope limetufika kwenye vifundo. Aliangalia mvua, akaniangalia, akasema, "Sawa, kaka." Sijawahi kuaminiwa namna hiyo tena na mtu yeyote.

Dereva aliichukua bahasha Jumamosi. Alikuwa mtu wa ng'ambo, kila neno analimalizia na mukwai, neno lao la heshima, na alimwahidi kijana kwamba ataikabidhi kwa mkono wake. Kijana akakaa kwangu kungoja, maana kwao alishindwa kurudi. Alipasua kuni, alimbeba mtoto wangu, na kila basi likiingia kutoka ng'ambo alikuwa kwenye kizuizi kabla halijasimama. Jioni alimfanyia mke wangu vituko, mara askari wa forodha mlevi, mara mama mkwe aliyekalia upupu, mke wangu anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi nilikuwa nikitoka nje. Mzigo wangu ulishafika kutoka Mbeya, dawa mpya imekaa rafuni kwenye chupa yake, na kila nikiiona nilikuwa nageuza uso.

Wiki ya tatu dereva aliirudisha bahasha ile ile. Ndani zilikuwamo karatasi tatu za rangi ya kahawa iliyoungua, kila moja na tundu la msumari juu, maana walizitundika ukutani ili kundi zima lizitazame na kuamua. Kulikuwa na kikaratasi: Tumetundika karatasi zako, sura zimetoweka mbele ya macho yetu. Hatujui ni mzaha gani. Nafasi amepewa mwingine.

Kijana aliigeuza karatasi moja, akaitazama nyuma, akaigeuza tena. Nilimngojea anigeukie. Nilikuwa tayari anipige. Alikaa chini pale pale barabarani.

"Ni kwa ajili ya baba," akasema.

"Vipi kwa ajili ya baba?"

"Nilimdanganya kwa sura. Mungu amezifuta zote tatu." Alisema hivyo kama mtu anayesoma tangazo. "Amezifuta mbele za watu, kaka, ili wote waone."

Neno moja lingetosha. Dawa. Ningesema, ni dawa, mdogo wangu, dawa ilichoka, Mungu hayumo katika jambo hili, tutapiga nyingine leo hii na dawa mpya iko rafuni, andika barua umweleze mkuu wa kundi. Nililifikisha neno mpaka kwenye ulimi. Halafu nikaona watu wa foleni wanatutazama, karani kasimama mlangoni, nikalimeza. Nikamwambia, "Pole. Ndiyo dunia."

Jumatatu alikuwa kwenye foleni ya wachimbaji. Zamu yake ilipofika alikaa kwenye kigoda kile kile, akashika kibao cha namba kifuani. Nilifungua lenzi nikahesabu. Sikuwa na haja ya kumkataza kucheka. Dawa ya pili ilikuwa mpya, ya siku ile, inawasha pua. Picha hiyo moja nilijipigia nakala nikaiweka, na haijabadilika hata kidogo.

Miaka miwili baadaye mzee alikuja tena, kwa miguu, na safari hii alitembelea fimbo, kitambaa kile cheupe chini ya kwapa. Mwamba ulikuwa umeanguka chini kule, na mwanawe alikuwa miongoni mwa wasiotolewa. Hakukuwa na mwili wa kuzika. Alikaa kwenye kigoda changu akaniomba picha, wapate cha kushika nyumbani.

Nikampa ile ya kibao. Akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu. "Huyu simjui," akasema. "Kuna zile nyingine. Siku ile nilifika ukiwa unazipiga."

Nilikuwa nazo, zimo ndani ya kasha, za kinyume na za sawa zote zimeungua. Nikazitoa zile tatu zenye tundu la msumari, nilizoziokota barabarani siku ile, nikaziweka gotini mwake, na hapo hatimaye nikasema. Nikasema yote, dawa, kiburi, vumbi, na yale aliyoyaamini mwanawe mpaka anashuka shimoni. Nilisema nikiwa nimepiga magoti. Mzee alisikiliza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama mwanawe alikwenda akiamini kwamba baba yake ndiye aliyemshitaki kwa Mungu. Nikasema ndiyo.

Watu wa foleni walipiga kelele nianze kazi, nikawaambia waende zao. Kisha mzee akafungua kile kitambaa cheupe, akatoa daftari, akalipekua mpaka mwanzo wa sura ya kwanza, ile ya furaha. Akazishika karatasi zote tatu nyeusi mkononi, akanisogezea.

"Nataka kuziweka kila moja mahali pake," akasema. "Nionyeshe, ipi ni ile aliyocheka?"

Nilizitazama kwa zamu, nikazipeleka kwenye mwanga, nikaziinamisha huku na huku. Sikuweza kumwambia.